Herufi Iliyomezwa

Ignas hakupenda kutafsiriwa. Mtu aliyehudumu hotelini miaka yote ile, akawabebea Wazungu supu na mvinyo kule juu kwenye ukingo wa kreta, akawaamkia asubuhi na kuwatakia usiku mwema, leo hii atafsiriwe kama mzee aliyetoka kuchunga mbuzi? Thubutu. Kwa hiyo daktari mgeni alipofika kwenye kitanda cha Edna jioni ile ya Alhamisi, na Sista Leonida akajiweka kando tayari kugeuza maneno, Ignas alinyoosha mkono kama anavyomzuia mhudumu mwenzake asiguse meza yake.

"Sista, usijisumbue. Huku mimi nipo."

Sista Leonida alimtazama, akaitazama wodi, akaona vitanda bado vingi na miguu yake imeshachoka. "Haya, baba Edna," alisema, akahamia kitanda cha pili, alikokuwa mama wa Kimasai aitwaye Nosim na mwanawe Saruni, mwenye goti lililokunjwa na kovu la moto.

Domitila alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, Edna mapajani. Kiingereza hakukijua, wala hakuona aibu kutokijua. Shambani kwao Rhotia mahindi na maharage hayamuulizi mtu lugha. Yeye alikuwa anatazama tu. Alimtazama daktari akiinama na kuushika mkono wa kulia wa mtoto, mkono uliokuwa ngumi tangu siku Edna alipoangukia mafiga akijifunza kutembea. Kovu lilikuwa limevivuta vidole vyote hadi kiganjani, vikagandiana hapo. Daktari alilipapasa taratibu, kisha akajaribu kulisoma jina kwenye karatasi, Edna Tlehhema, likamshinda, akacheka mwenyewe. Ignas akamwelekeza kwa furaha: ulimi juu, pumzi itokee pembeni. Daktari akajaribu tena, ikatoka sauti ya mtu anayepuliza chai ya moto. Wodi nzima ikacheka, na kichwa cha Ignas kikavimba kidogo.

Kisha daktari akaacha kucheka. Akasema maneno machache, haraka, kwa ile sauti ya puani ya Wamarekani, na katikati yake Domitila akanasa moja alilolijua: uji. Alipolisema, daktari alitikisa kichwa, kulia na kushoto.

"Yes, yes," alisema Ignas. "No problem, dokta."

Daktari akamgusa Edna shavuni, akaenda zake.

"Amesemaje?" aliuliza Domitila.

"Kesho sisi ndio wa kwanza. Wanamlaza usingizi, wanalikata lile kovu, wanachukua ngozi kidogo pajani wanaipandikiza. Mkono unafunguka." Aliongea kwa sauti ya kuwatosha majirani wote. "Na asubuhi anaweza kunywa uji."

"Amesema anaweza?"

"Shi ken hev uji. Maneno yake hayo, sijaongeza wala kupunguza."

"Mbona alitikisa kichwa?"

"Mama Edna, hawa hutikisa kichwa hata wakikusifia chakula. Mtu anasema tamu sana, huku kichwa kinakwenda hivi." Akaigiza, shingo ikicheza huku na huku. "Nimewahudumia mimi, si wewe."

"Kuuliza si ujinga. Muulize Sista."

"Nimuulize Sista nini? Kiingereza?"

Domitila aligeuka. Kitanda cha pili, Sista Leonida bado alikuwa anazungumza na Nosim, pole pole, akionyesha kinywa, kisha koo, kisha kifua, na Nosim anaitikia kwa kichwa. Mazungumzo yao yalikuwa marefu kuliko ya Ignas na daktari. Hilo Domitila aliliona, likamkaa moyoni, lakini mumewe alikuwa ameshaanza kumsimulia baba wa mgonjwa mwingine habari za wageni wa kreta, na mke hakatizi hadithi ya namna hiyo mbele za watu.

Sista alipopita kuelekea mlangoni alisimama kidogo. "Baba Edna, maelekezo yote umeyaelewa?"

"Kuliko alivyoyasema," alijibu Ignas, na Sista akatabasamu kwa uchovu.

Madaktari hao wa Kimarekani walikuja kwa wiki moja tu, na wiki yenyewe ilikuwa inaishia. Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho; jioni wangepanda gari kwenda uwanja wa ndege. Januari Edna alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Siku Domitila alipompeleka kuandikishwa, mwalimu aliuinua ule mkono mbele ya wazazi wengine, akauliza, "Huyu atashika kalamu na nini?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Lakini tangu siku hiyo Edna aliuficha mkono ndani ya mkono wa sweta, hata jua likiwaka.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya Karatu, baridi ya kuuma masikio. Nyuma ya wodi palikuwa na banda la ndugu wa wagonjwa kupikia, na Domitila aliwahi jiko kabla wengine hawajaamka. Alikoroga uji wa ulezi, akatia maziwa aliyonunua jana yake, akatia na sukari, maana mtoto anayekwenda kukatwa ngozi hapewi uji wa chumvi. Edna alikunywa akiwa amesimama, kikombe kwenye mkono wa kushoto, ngumi ya kulia ikikibana upande wa pili kisianguke.

"Mama, leo mkono utalala wazi?"

"Utalala wazi."

"Ukifunguka nitashika nini kwanza?"

"Kalamu."

Edna alifikiri. "Nataka kushika kuku," alisema. "Nitamshika miguu yote miwili kama wewe."

Alikunywa hadi mwisho, akaulamba ule wa chini kwa ulimi. Domitila akamwosha uso, akarudi naye wodini, kikombe kitupu mkononi. Saruni alikuwa analia kitandani kwake, kilio cha kukwaruza cha mtoto aliyelia muda mrefu, na mama yake anampigapiga mgongoni. Nosim alikiangalia kikombe, kisha akauangalia mdomo wa Edna, ambao ulikuwa bado na mstari wa kahawia juu yake.

"Mama Edna, hiyo uji amekunywa nani?"

"Edna."

Nosim aliacha kumpigapiga mwanawe. "Sista alisema hata maji hapana. Wote ya kupasuliwa leo, hapana kabisa. Huyu yangu nimemnyima hata tone, sikia vile analia."

"Daktari alituambia anaweza."

"Labda yenu ni tofauti," alisema Nosim, lakini macho yake hayakusema hivyo. Alishusha sauti. "Sista alisema ikiwa kitu iko tumboni, wakimpa mtoto ile dawa ya kulala, inarudi juu. Inaingia kwenye mapafu. Anakufa pale pale, mikononi mwao."

Domitila alikipangusa kinywa cha Edna kwa upindo wa kanga, akapangusa tena palipokuwa pameshatakata, akamwambia, "Kaa na mama Saruni, nakuja."

Alimkuta Ignas karibu na lango, ndani ya shati lake jeupe la kazini, lililopigwa pasi kwa ajili ya madaktari.

"Baba Edna, lile neno la jana la uji, lirudie."

"Habari za asubuhi na wewe."

"Lirudie."

"Shi ken hev uji."

"Na kama angetaka kusema asinywe, angesemaje?"

"Angesema kanti," alijibu Ignas kwa sauti ya kumfundisha mtu asiyefundishika. "Shi kaanti. Ile T unaisikia kabisa, inagonga. Shuleni tulichapwa kwa ajili ya hiyo T. Mtu hawezi kusema kanti usi..."

Domitila aliuona uso wake ukibadilika, kwanza macho, halafu mashavu, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani.

"Nini?"

"Kuna mgeni mmoja," alisema Ignas taratibu. "Mwaka ule. Nilimletea mayai, akayarudisha. Akasema alishaniambia hawezi kula mayai. Mimi nilisikia anaweza. Tulicheka, yakaisha." Akayajaribu maneno kwa pumzi tu, midomo ikicheza bila sauti. "Wanaimeza."

"Wanameza nini?"

"T. Wamarekani wanaimeza. Wakisema hawezi, kent, ile ya mwisho inabaki kooni. Inatoka ken."

"Kwa hiyo alisema asinywe."

Ignas alitazama huku na huku, langoni kwa mlinzi, kwenye dirisha la wodi. "Nani amekuona ukimnywesha?"

Swali hilo lilimuuma Domitila kuliko kosa lenyewe. "Mama Saruni amekiona kikombe."

"Mwingine?"

"Baba Edna."

"Sikiliza. Uji ni maji. Mpaka wamfikishe kule ndani utakuwa umeshashuka."

"Ulikuwa mzito. Nilitia maziwa."

"Domitila, wanaondoka leo." Alipomwita kwa jina lake ndipo Domitila alipojua mumewe ameogopa kweli. "Wakisikia amekula wanamtoa kwenye foleni. Watarudi lini? Mwakani? Labda wasirudi kabisa. Unataka aingie darasani na ngumi ile, kila siku aulizwe atashika kalamu na nini?"

"Na uji ukimrudia?"

"Hawa ni madaktari wakubwa. Wana mashine za kila kitu." Akajipangusa jasho, na baridi yote ile. "Sisi tukae kimya tu. Kimya hakijamuua mtu."

Domitila alitaka kumwambia kwamba kimya chake yeye, jana jioni, cha kutomuuliza Sista, ndicho kilichokoroga uji. Lakini kitoroli kilikuwa kimeshasikika kwenye korido, gurudumu moja likilia.

Walimvalisha Edna gauni la kijani, kubwa, lililomfika miguuni na kubaki. Alicheka alipojiona. Sista Leonida alikuwa na haraka ya asubuhi, kalamu nyuma ya sikio.

"Mtoto amekula chochote tangu jana usiku?"

"Hajala, Sista," alisema Ignas.

Sista akamwinamia mtoto. "Edna, umekunywa chai leo?"

"Hapana," alisema Edna, na alikuwa anasema kweli.

Domitila alimtazama Nosim. Nosim alikuwa anakunjua blanketi la Saruni, akalikunja, akalikunjua tena, macho yameelekea chini. Asingesema. Mtoto si wake, mume si wake, na mgeni hafungui mdomo kwenye nyumba ya watu. Ila alikuwa ameubana mdomo sana, na Saruni alikuwa bado anaomba maji.

Kitoroli kikaondoka. Ignas alitangulia mbele, mgongo umenyooka ndani ya shati jeupe, kama anaongoza wageni kwenye meza yao. Domitila alitembea ubavuni, mkono juu ya chuma cha pembeni. Alijaribu kuomba, maneno hayakuja. Alichoweza kufikiria ni ule uji tu, ulivyokuwa mzito, ulivyoshika kwenye mwiko. Mlangoni kwa chumba cha upasuaji daktari mgeni alikuwa anangoja, kitambaa cha mdomo kimeshuka kidevuni. Alimsalimia Edna, kisha akamuuliza Ignas jambo.

"No, no," alisema Ignas. "Nothing, dokta."

Hilo neno la kwanza Domitila alilijua. Lilikuwa fupi, halikuwa na herufi ya kumeza.

Edna aliinua ngumi yake kutoka kwenye shuka. "Mama, nikitoka kuku awe ameshakamatwa. Nisimkimbize."

"Sista," alisema Domitila. "Amekula."

Gurudumu likanyamaza.

"Amekunywa uji. Kikombe kizima, wa maziwa. Nimempa mimi kwa mkono wangu, saa ile ya alfajiri."

"Mama Edna," alisema Ignas.

Sista Leonida alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na uchovu wote ukamtoka usoni. Akamgeukia daktari, akamwambia. Daktari akamtazama Ignas, akaongea, na safari hii hata Domitila alisikia kwamba ni kuuliza. Ignas alijibu kwa Kiingereza chake, sauti imepanda: yeye alisikia ken. Aliambiwa ken. Daktari akarudia neno lile akitikisa kichwa. Halafu akasema jingine, akiitikia kwa kichwa. Moja, kisha jingine, pole pole, kama anavyofundishwa mtoto.

Domitila hakusikia tofauti. Alimtazama mumewe akisikiliza kwa nguvu zote, kichwa kimeinama upande mmoja, na akajua naye hasikii. Ignas akaomba yasemwe tena. Yakasemwa tena. Mfanyakazi wa usafi aliyekuwa anapiga deki aliliacha fagio lake limesimama ndani ya ndoo, akawa anaangalia.

"Baba Edna," alisema Sista Leonida kwa sauti ya chini, "si nilikuwepo? Si nilisimama pale pale?"

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Ignas alitazama sakafu yenye maji.

Daktari naye alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake, kama ndio uliofanya kosa. Aliongea na Sista kwa kirefu. Sista alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka, na hakumgeukia Ignas.

"Mama Edna, anasema mtoto atakuwa wa mwisho. Mpaka mchana tumbo litakuwa limeshamaliza kazi yake. Lakini kuanzia sasa asile, asinywe, hata maji ya kusukutua asimeze. Wakipata nafasi kabla ya kuondoka, watamfanyia. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Domitila.

"Rudia nikusikie."

Domitila akarudia yote, neno kwa neno, na Ignas amesimama pembeni akitafsiriwa.

Kitoroli kilirudi wodini, kikamchukua Saruni.

Walikaa kwenye benchi la nje, Edna amelala kidogo mapajani mwa mama yake, gauni la kijani likiburuta vumbi. Ukungu ulishapanda, jua limetoka.

"Ungeniachia mimi niseme," alisema Ignas mwishowe.

"Ungesema lini? Akiwa ameshakufa?"

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nilisema nimempa mimi. Jina lako halikutoka kinywani mwangu. Kilichokuvua nguo ni lile neno, na ulilitaka wewe mwenyewe." Alilivuta gauni la Edna kutoka vumbini. "Kwa nini usingesema hujasikia? Neno moja tu, Ignas. Sijasikia."

"Mbele ya Sista? Mbele ya wodi nzima?" Akacheka, kicheko kibaya. "Rhotia nzima wananiletea maboksi ya dawa niwasomee. Mchungaji akipata mgeni ananiita mimi. Unajua hotelini nafanyaje? Nusu ya maneno yao nayakisia. Naangalia anaangalia wapi, naangalia glasi yake imebaki nini, nakisia. Nikikosea naleta sahani nyingine. Ndiyo kazi, na hakuna aliyewahi kulalamika."

"Kwa hiyo ulikisia mtoto wangu."

Ignas alifumba macho.

"Na leo asubuhi uliposema hajala," alisema Domitila, "hilo nalo ulikuwa unakisia?"

Alimpenda mwanamume huyu, alijua alivyomlilia Edna siku ile ya mafiga hadi akapoteza sauti, na saa ile alimchukia kwa moyo wote. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani mwake kwenye benchi lile, wala kimoja hakikumsogelea mwenzake.

Mchana Saruni alirudishwa akiwa bado na usingizi, mguu umenyooshwa ndani ya bendeji nyeupe. Umenyooka kabisa. Nosim aliukagua kwa vidole, kutoka pajani hadi kisiginoni, akatema mate kidogo kwenye kiganja akampaka mwanawe kwenye paji la uso, baraka ya kwao. Kisha akaja kukaa karibu na Domitila.

"Ulisema," alimwambia.

"Nilisema."

"Ilikuwa nafasi yenu, hii ya Saruni."

"Usiseme hivyo, yeyo," alisema Domitila, akimwita mama kwa Kimasai. "Kila mtoto na nafasi yake."

Edna hakuwa na habari ya nafasi. Alikuwa na njaa. Kwanza aliomba uji, halafu mkate, halafu maji, halafu akaomba alambe tu kijiko.

"Naweza kunywa kidogo?"

"Huwezi, mama."

"Hata kidogo hivi?" Akaonyesha kwa vidole vya kushoto.

"Hata hivyo huwezi."

Ignas alimbeba, akamzungusha nje, akamwonyesha ndege kwenye paa, akamwimbia nyimbo wanazowaimbia wageni wa siku ya kuzaliwa. Kila mlango wa korido ulipofunguliwa wote wawili waligeuza shingo. Wagonjwa wakaingia, wakatoka. Sista Leonida alipita akamwambia Domitila, bila kusimama, "Bado mmoja, halafu ni nyie." Ignas alikaa kitako kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Domitila alianza kumsuka Edna nywele upya ili mikono ipate kazi.

Ndipo gari la mizigo likaingia kwa honi hadi mlangoni, lina harufu ya vitunguu, limetoka Mang'ola. Nyuma yake, juu ya magunia, walimshusha mwanamke mwenye mimba, shuka limelowa damu, shemeji yake anamshika kichwa. Wauguzi walikimbia. Chumba kikubwa cha upasuaji kilikuwa kimoja tu, na mlango wake ukafungwa.

Domitila aliutazama mlango ule. Hakuna aliyemwambia kitu na hakuhitaji kuambiwa. Alitaka kuomba, akakosa la kuomba. Utamwombaje Mungu mwanamke mwenzako asizae? Akaomba mama yule apone, na upesi, na akaona aibu kwa ile upesi.

Jua liligeukia upande wa pili wa wodi. Nje, dereva wa gari la madaktari alianza kupakia maboksi, moja baada ya jingine, bila haraka. Ignas alisimama dirishani akiyahesabu kwa macho, shati jeupe limekunjamana mgongoni. Kisha kukasikika kilio cha kitoto kichanga huko ndani, chembamba, kikali, na wodi ikashusha pumzi. Hata Domitila alitabasamu.

Daktari mgeni alitoka muda mfupi baadaye. Alikuwa ameivua kofia ya kazi, ameikunja mkononi, nywele zimemganda kwenye paji la uso. Alikuja moja kwa moja hadi kitandani kwa Edna, Sista Leonida nyuma yake. Alisimama mbele ya Ignas, akamtazama machoni, akasema maneno yake. Hakutikisa kichwa wala hakuitikia. Alikuwa amechoka mno, kichwa kilibaki pale pale. Na katikati ya maneno yake lilikuwemo lile neno. Ken, au lile jingine.

Kufikia saa hiyo hapakuwa na mgonjwa asiyejua habari ya uji, na wote walikuwa wanamtazama Ignas. Domitila naye alimtazama. Aliiona midomo yake ikianza kulitunga lile "yes" la kazini, na tabasamu la kazini likitaka kuja nyuma yake. Alikishika kitambaa cha shuka.

Ignas aliufunga mdomo. Akameza mate.

"Sijasikia," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho. "Sista, naomba unitafsirie."

Sista Leonida alichukua pumzi. "Amesema hawawezi, baba Edna. Muda umekwisha, na dawa ya usingizi haiharakishwi. Wanakwenda moja kwa moja uwanjani. Jina la Edna wameliandika, wakirudi ni wa kwanza. Anasema pole sana."

"Watarudi lini?"

Sista aliuliza, akajibiwa. "Wanataka mwakani. Hana uhakika."

"Mwambie nimeelewa," alisema Ignas. "Mwambie asante."

Sista akamwambia. Daktari aliinama, akaishika ile ngumi kwa mikono yake miwili. "Kwaheri, Edna Tlehhema," alisema, na safari hii alilitamka sawasawa, tl na hh zote mahali pake. Hakuna aliyecheka. Akaenda.

Edna alikuwa amewatazama wote kwa zamu. "Baba," alisema, "amesemaje?"

Ignas alimtazama mkewe. Domitila aligeuza uso dirishani. Hilo lilikuwa lake yeye kulisema, na alimwachia. Ignas akachuchumaa mbele ya mtoto hadi macho yao yakalingana.

"Amesema unaweza kula, mama."

"Uji?"

"Hata uji."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Edna aliruka kutoka kitandani, akakanyaga pindo la gauni, nusura aanguke. Alicheka kwa furaha ya kweli, wodi nzima ikimsikia, akakimbilia kitanda cha pili kumwambia Saruni ambaye hakuwa ameamka vizuri. "Mimi naweza kula," alimwambia. "Daktari amesema naweza." Nosim alimpapasa kichwa, akageukia ukutani.

Domitila alikwenda bandani. Uji wa alfajiri ulikuwa umebaki kidogo sufuriani, umeganda. Akauongezea maji, akaukoroga jikoni huku machozi yakimdondoka. Aliporudi, Ignas alikuwa amemkalisha Edna kitandani na kumkunjia mikono ya lile gauni isilowe. Domitila alimimina hadi ukingoni. Edna alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akakibana kwa ngumi upande wa pili, akaanza kunywa.